Kazi ya Msomaji

Chukua ukurasa mmoja wa utendi ulionakiliwa kwa khati za Kiarabu, kama walivyonakili watu wa Pate, Siyu na Lamu zama za wazee wa wazee wetu. Ubeti mzima umelala kwenye mstari mmoja. Vipande ni vinne, na baina ya kipande na kipande pana alama ndogo, pengine nukta, pengine umbo la moyo uliopinduliwa chini juu. Wino ni mweusi, mkono umetulia, na jicho linafurahi kabla ulimi haujaanza kazi. Kisha anza kusoma. Herufi be imesimama mahali pa b, na hiyo hiyo ni p, na hiyo hiyo ni mb. Fe ni f, ni v, ni mv. Kasra chini ya herufi ni i au ni e. Dhamma juu yake ni u au ni o. N inayotangulia d mara nyingi haikuandikwa kabisa. Be yenye kasra ikifuatwa na dali yenye fat-ha yaweza kuwa penda, yaweza kuwa pinda, na karatasi haikwambii ni ipi. Mtu aliyetajwa anafua nguo au anavua samaki? Jina la kisiwa cha Fuma, likiandikwa kwa khati hizo, asiyekijua angelisoma Vuma na asione kosa.

Aliyelelewa na herufi za Kilatini peke yake hudhani huo ni upungufu wa maandishi. Nami naona maandishi yale yalimtegemea mtu. Mwandishi alijua kwamba karatasi yake itaangukia mikononi mwa msomaji anayeijua lugha, anayezijua kanuni za utungo, na aliyekwisha kusikia tendi nyingi kabla ya huu. Akamwachia sehemu yake ya kazi. Sehemu hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu, hasa inapofanywa na kijana, kwa sababu mkubwa aliyebobea huificha kwa wepesi wake, ilhali kwa kijana unaiona inavyojengeka.

Kitu cha kwanza anachoshika msomaji ni vina. Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya mwanzo vinalingana kina, na cha nne kinabeba kina kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Basi kipande cha kwanza kikiishia kwa nuni yenye kasra, msomaji hajui bado kama atamke ni au ne. Hatamki. Jicho linakimbia mbele hadi cha pili, hadi cha tatu, linakutana na neno lisilo na shaka, tuseme moyoni, na hapo kina cha vyote vitatu kimejulikana. Jicho linarudi, ulimi unatamka cha kwanza, na aliyekaa kusikiliza hajui kama kuna safari iliyokwenda na kurudi.

Kitu cha pili ni mizani. Mtu ni mizani mbili, kwa kuwa m hiyo inahesabiwa peke yake. Mwana ni mbili vilevile. Kipande kikipungua au kikizidi, ama pana neno lililosomwa vibaya, ama mnakili aliteleza, na msomaji hodari anajua kutofautisha makosa yake na ya mnakili. Lakini penda na pinda zina mizani sawa, na zikikaa katikati ya kipande vina havizigusi. Hapo hubaki maana. Lazima mtu awe ameuelewa ubeti wote ili aweze kulisoma neno moja lililomo ndani yake, na lazima alisome neno hilo ili auelewe ubeti wote. Wasomaji wazuri hufanya mambo hayo mawili kwa pumzi moja, wakiwa wanaghani, mbele ya watu.

Walikuwapo walioona mzigo huo ni mzito mno. Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890 na ambaye juhudi zake ndizo zilizotuhifadhia mashairi mengi ya Muyaka, aliongeza alama za kutenganisha sauti za Kiswahili ambazo Kiarabu hakina. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1997, Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyeishi na kusomesha London, alichapisha pamoja na P. J. L. Frankl mapendekezo ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila utata. Nawaheshimu wote. Hata hivyo Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo aliutunga Pate mwaka 1728, haukungoja alama hizo, wala Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir haikuzingoja. Tendi hizo zimevuka karne juu ya mgongo wa wasomaji waliozipokea kwa sikio, wakazinakili, wakazisoma tena kwa sauti.

Fuma, kisiwa nilichokitaja mwanzoni, ni kimoja katika visiwa vidogo vya Wabajuni vilivyopangana kusini mwa Kismayu kuelekea Ras Kamboni, jirani wa Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Ni visiwa vya wavuvi, na mtu wa huko akitaka soko hutweka tanga kwenda Kismayu. Kijana wa mahali kama hapo akipenda vitabu hukuta vichache. Anachokuwa nacho ni chuo, msikiti na masikio yake, na nimekuja kuamini kwamba hivyo vitatu vyatosha kumfanya mtu awe msomaji wa daraja ya juu, ilimradi awe na watu wa kumsikiliza.

Huko chuoni huanza na ubao na wino. Mtoto hukaa chini, akatamka herufi na irabu zake mpaka ulimi ukalainika, kisha akaingia juzuu ya Amma. Wanafunzi husoma wote kwa pamoja, kila mmoja na sura yake, kelele juu ya kelele, na mwalimu ameinamisha kichwa kama aliyesinzia. Ghafla anamwita mtoto wa pembeni kabisa: amerefusha pasipo kurefushwa. Katika sauti ishirini ameisikia moja. Watu huzungumza sana juu ya bakora ya chuoni, na wana sababu, lakini sikio lile la mwalimu halitajwi inavyostahili. Mtoto aliyesomeshwa na sikio kama hilo hujifunza kwamba kuna mahali pa kusimama na mahali pa kupita, kwamba pumzi hupangwa kabla ya aya kuanza, kwamba kosa dogo la irabu hubadili maana nzima. Atakapokuja kuushika utendi, hayo yote yamo mwilini mwake tayari.

Halafu huja Maulidi. Barzanji, kitabu alichotunga Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18, husomwa kwa zamu: huyu mlango huu, yule mlango ule, na hadhira yote huitikia kwa kumsalia Mtume. Usiku ambao kijana hupewa zamu yake ya kwanza haufanani na usiku mwingine. Kitabu kimewekwa juu ya mto, ubani unafuka, marashi yamenyunyizwa, na wazee wanaokijua kitabu kwa moyo wamekaa mbele yake. Anasoma maneno ambayo kila mtu pale anayajua. Hana habari mpya ya kuwapa. Awezalo ni kuwasomea kwa namna ambayo maneno yaliyozoeleka yatawafikia tena. Vijana wengi wa leo husoma kitabu ili wajue kilichomo. Yule wa Maulidi anajua kilichomo kabla hajakifungua, na kazi yake ndiyo inaanzia hapo.

Sikio la Mbajuni halikulelewa na Kiarabu peke yake. Wakulima wa Kibajuni wana vave, tungo za usiku wa kuamkia siku ya kuchoma konde lililofyekwa, na mabaharia wana kimai, tungo za bahari. Hakuna aliyezisoma kwanza kwenye karatasi. Mtu hukua akizisikia, akajua utungo unapopanda na unapotua, akajua pia kumtambua mwimbaji anayejaza nafasi kwa neno lisilo na kazi. Ndiyo maana mtu asiyejua kusoma hata herufi moja aweza kumsahihisha msomaji, na msomaji akanyamaza akakubali.

Kuna na shida nyingine, ambayo msomaji wa Lamu haijui na wa Fuma hawezi kuikwepa. Tendi kubwa zimeandikwa kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, na yeye kinywa chake ni cha Kibajuni. Pale wengine wanaposema mtu, yeye kwao husema mchu. Afanyeje? Akisoma kama alivyoandika mtungaji, analinda utungo lakini bibi yake anasikia sauti ya ugenini. Akisoma kwa lafudhi ya kwao, bibi anatabasamu, lakini vina viko hatarini: akibadilisha neno moja na lingine akaliacha, kipande kimoja kinaagana na wenziwe. Wasomaji wazuri niliowasikia huweka lugha ya mtungaji mwishoni mwa vipande, kwenye vina, na ndani yake huiachia lafudhi yao ipite kidogo. Sijapata kuona kanuni hiyo ikiandikwa popote. Ukiwauliza watakwambia wanasoma tu.

Niliwahi kukaa barazani na wanawake wenzangu Mombasa, tumekuja kumwandaa bi arusi, na msomaji wetu alikuwa msichana ambaye bado yuko skuli. Watu wake ni wa Fuma. Walivuka mpaka kwa vyombo vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, kabla yeye hajazaliwa. Alikuja na Utendi wa Mwana Kupona, nakala ya khati iliyotolewa fotokopi mpaka kingo zake zikawa nyeusi, imekunjwa mara nne. Nilikaa karibu yake, nikaiona kazi aliyoifanya nyumbani. Kwa penseli alikuwa ametia kiduara kidogo kila mahali alipokusudia kuvuta pumzi. Maneno asiyoyajua aliyapigia mstari chini, na pambizoni, kwa herufi za Kilatini, aliandika usomaji wa aina mbili, juu na chini, mmoja baadaye ukafutwa. Mahali pengine aina zote mbili zilibaki. Nilipomuuliza kwa nini hakufuta, alisema hapo aliwauliza bibi yake na shoga wa bibi yake, kila mmoja akasoma lake, na yote mawili yana maana.

Alianza chini, sauti karibu na ya mazungumzo, jambo ambalo wasomaji wachanga hawalifanyi. Wao huanza juu na kufikia ubeti wa thelathini hawana pa kupandia. Kidole kilikwenda chini ya mstari toka kulia, polepole kuliko sauti, kwa sababu kidole kilionyesha aliposoma na jicho lilikuwa mbali mbele. Kila kipande cha nne alikitua pale pale, na wanawake wakaitikia kwa mguno wa pamoja. Lakini kwenye beti za mwanzo alifanya jambo lililonishangaza. Aliacha nafasi baina ya vipande, ndefu kuliko kawaida, karibu kukatisha utungo. Mama mmoja mtu mzima akaguna. Msichana hakukimbilia, aliendelea hivyo hivyo kwa beti kadhaa, kisha mwendo ukawa wa kawaida.

Tulipopumzika kwa kahawa aliulizwa. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Utendi huu, alisema, Mwana Kupona aliutungia binti yake Mwana Hashima mwaka 1858, naye mama ni mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Mwanzoni anamwita binti akae karibu, achukue wino na karatasi. Kwa hiyo, katika utendi wenyewe, anayeandika ni binti, na mama anasema. Anayeandika kwa wino anahitaji muda: achovye kalamu, aandike, achovye tena. Mama angemngoja. "Nami nimewangojea," akasema, kisha akaona haya.

Mama aliyeguna hakuridhika. Alisema, mwanangu, utendi ni utendi, sauti yake inajulikana, na mgonjwa vilevile hukimbilia kusema kabla pumzi haijamwisha. Mwingine akadakia kwamba mama huyo hasemi kama mtu anayekata roho, anasema kama mwenye kupanga nyumba. Wakaingia kwenye radhi tano anazozitaja, ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, na bi arusi, ambaye desturi ilimtaka anyamaze, akauliza kutoka alikofunikwa kama mume naye hakuachiwa wasia wake. Kicheko kilikwenda mpaka uani. Kahawa ilipoa. Ndipo yule mama mtu mzima akasema, "Hebu rejea mwanzo, usome ulivyosoma." Msichana akasoma tena, na nafasi zake zote, na mara hii hakuna aliyeguna.

Nimesoma makala ya wataalamu juu ya utendi huo, tangu alipouchapisha Alice Werner pamoja na William Hichens mwaka 1934 hadi mijadala ya siku hizi kuhusu utiifu wa mke, na nimefaidika nayo. Lakini sikumbuki kukutana na hoja ya msichana yule, na hoja ile haikuja kwa kuwaza mbali na kitabu. Ilikuja alipokuwa anatafuta mahali pa kuvuta pumzi. Alilazimika kuamua, kipande kwa kipande, sauti iende vipi, na uamuzi ukampeleka kwenye swali: nani anasema hapa, na nani anamsikiliza, na mikono yao inafanya nini? Asomaye kimya aweza kupita juu ya swali hilo bila kuligusa.

Pwani yetu ina njia nyingine ya msomaji kusema alichokiona kitabuni, ngumu kuliko hii, nayo ni takhmisi. Msomaji hutwaa utungo wa mtu mwingine, akauacha ulivyo, na mbele ya kila ubeti wa vipande viwili akatanguliza vipande vitatu vyake, ili viwe vitano. Vitatu vyake sharti vifuate kina cha kipande cha kwanza cha mwenyewe, na sharti viongoze maana hadi mlangoni pake, hata maneno ya kale yakiingia yaonekane yamezaliwa na haya mapya. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na yule yule Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, imejengwa hivyo: vitatu vya Sayyid, viwili vya shujaa Liyongo, tangu mwanzo hadi mwisho. Fikiri kinachotakiwa. Hutaweza kutanguliza vipande vitatu mbele ya maneno ya mtu kama hukujua kwa nini aliyasema. Ukiwa umemfahamu kombo, mshono utaonekana, na utaonekana kwa kila mwenye sikio. Hutaweza pia kujitanguliza mwenyewe, kwani neno la mwisho la kila ubeti si lako. Sijui namna nyingine ya kutoa maoni juu ya kitabu inayomdai mtu adabu na akili kwa kiasi hicho.

Barawa, kaskazini ya Kismayu, wana ustadi wao. Tangu mwisho wa karne ya 19 watu wa mji huo walitunga kwa Chimiini, lugha yao, tungo za dini walizoziita steenzi, wakaziandika kwa herufi za Kiarabu na zaidi wakazihifadhi vifuani. Dada Masiti, aliyefariki 1919 akiwa kikongwe, alikuwa mmoja wao, na tungo zake hazikutoka vinywani mwa wanawake. Mallim Nuri, aliyefuata baadaye, alitunga kwa makusudi ya kusomesha: fiqhi na adabu za ibada zikawa steenzi, mama akazighani na wanawe wakazishika. Alessandra Vianello na wenzake walizichapisha nyingi mwaka 2018 katika mkusanyo mmoja. Ukizisoma kwenye kitabu kile chenye kurasa safi, ni vizuri kukumbuka kwamba kila moja ilifika hapo kwa sababu kuna mtu aliisoma kwa sauti mahali watoto walipokuwa.

Visiwa vya Wabajuni havikupata bahati ya mkusanyo kama huo kwa ukubwa ule. Uingereza ilipoikabidhi Jubaland kwa Italia mwaka 1925, watu wa lugha moja waligawanyika pande mbili za mpaka: huku Kiwayuu na Faza, kule Chovai na Fuma. Mwaka 1972 serikali ya Somalia ilichagua herufi za Kilatini kwa Kisomali, na kampeni ya kusomesha watu iliyofuata ilikuwa kazi kubwa na ya kujivunia. Kwa mtoto wa kisiwani, hata hivyo, hesabu ilikuwa hivi: Kisomali skuli, Kiarabu chuoni, Kibajuni nyumbani, na kilichokuwa nyumbani ndicho ambacho hakikuwa na kitabu. Mwanaisimu Derek Nurse aliifanyia kazi lugha hiyo kwa miaka mingi, akakusanya maneno na masimulizi ya wazee. Vita vilipowatawanya watu, makusanyo ya aina hiyo yaligeuka kuwa hazina.

Walitawanyika sana. Wengine Mombasa na Malindi, wengine Yemen, wengine Uingereza, ambako waombaji hifadhi walihojiwa na usemi wao ukapimwa ili ijulikane kama kweli ni Wabajuni. Inaniuma kila ninapolifikiria hilo: mtu aliyekulia mjini, au kambini, lugha yake ikachanganyika na Kiswahili cha Mombasa kama lugha zinavyochanganyika, akatakiwa aonyeshe kwa ulimi wake kwamba ametoka anakotoka. Ndiyo maana siwezi kuiona shughuli ya vijana hawa na tendi zao kuwa mapambo. Kwao kutamka vizuri kuna uzito ambao sisi wengine hatukutwishwa.

Na wanaifanya kwa furaha, hilo ndilo jema. Siku hizi jamaa walio Mombasa na walio ng'ambo hupelekeana sauti kwa simu. Mmoja husoma beti tano, mwingine hujibu: umeharakisha, au neno hilo bibi hulisema hivi, au hapo mbona umelia? Lamu jambo hili lina mizizi ya karibu. Ustadh Mahmoud Mau, mshairi na imamu aliyezaliwa huko 1952, ametunga tungo nyingi za nasaha kwa vijana na wazazi, na mara nyingi hakuzighani mwenyewe. Alimpa mwenye sauti nzuri azirekodi, zikaenea kwa kaseti kabla ya simu kuja. Napenda unyenyekevu wa mpango huo. Mshairi amekiri kwamba msomaji ana fani yake, akampa kazi kama fundi anavyompa fundi mwenziwe.

Kuna vijana pia wanaojaribu kuandika Kibajuni chenyewe kwa herufi za Kilatini, na kazi hiyo inawatoa jasho. Sauti ile ya ndr, ambayo Kiswahili sanifu hakina, iandikweje? Mchu iandikwe kama inavyotamkwa, au iandikwe mtu na msomaji aachiwe aitamke kikwao? Nimewasikia wakibishana juu ya hili kwa ukali ambao watu wa rika lao huutumia kwa kandanda. Mimi ningewashauri waandike wanavyotamka, kwa sababu lugha iliyokosa kitabu kwa muda mrefu hivi inastahili kuonekana sura yake. Wapo wanaoona kinyume, kwamba kitabu kisomeke Tanga na Unguja pia, na sababu yao si ndogo.

Ningeombwa mchango kwa ajili ya wasomaji hawa, nisingeanza na mashine ya kuchapa. Fotokopi nyeusi ya msichana yule ilimtosha. Ningewatafutia wasikilizaji: arusi, hitima, usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, ukumbi wa skuli, mahali popote penye mtu mzima mmoja atakayesema hebu rejea. Ubingwa huu haukui bila kusahihishwa, na wenye masikio ya kusahihisha wanapungua kila mwaka.

Msichana amepewa kazi nyingine. Jamaa wanataka awasomee Utendi wa Liyongo, ule wa 1913 wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, mtu aliyekuwa mtunzi, mnakili, mchonga milango na mwanamuziki kwa wakati mmoja. Ni kisa cha shujaa anayeuawa na mwanawe, na wasikilizaji wote wanajua mwisho wake. Swali lake kwangu lilikuwa juu ya mama Liyongo: kisimani, mbele ya mwili uliopiga goti na upinde mkononi, watu wote wakiogopa kusogea kwa kudhani yu hai, mama anapokwenda kumsihi mwanawe, je, sauti iwe ya mtu anayejua au ya mtu asiyejua? Nilimuuliza anavyofikiri yeye. Akasema bado hajafika huko. Yuko beti za mwanzo, anahesabu mizani.